Maneno Niliyoyapunguza Bondeni

Mwanangu Mbaruku,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga Ndahani. Nimekutazama kutoka barazani mpaka ulipopotea nyuma ya tangi la maji la stesheni, unakwenda kwa haraka kama mtu anayekwenda kwao. Treni ni kesho asubuhi, watu wa kuagwa ni wengi, na wewe umemwanzia yeye. Imeniuma. Nina mvi kichwani, nimetoka kuswali Ijumaa pamoja na watu wanaoniita mzee, nami nimekaa hapa roho inanichoma kama mtoto aliyeona mwenzake amepewa nyama na yeye mchuzi. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia habari za nguo na chakula cha njiani na watu wa kukaa nao behewani, na kama kuna alilosahau atalikumbuka alfajiri. Mimi nina habari moja tu, na ni habari ya aibu. Naiandika kwa sababu wiki ijayo utaisikia kwa watu. Reli yetu hii hupeleka maneno upesi kuliko mizigo, na utakuwa hujakaa Dar es Salaam siku tano mtu atakuuliza kama wewe ni mtoto wa yule mkalimani wa Dodoma. Nataka uwe umeipata kwangu kwanza.

Unajua kwamba nilifanya kazi na mpimaji, kabla reli haijapanda huku. Nimekusimulia mara nyingi habari za darubini ya miguu mitatu, na minyororo, na fimbo zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na simba wa Gulwe. Simba alikuwa wa kweli. Mengine niliyapamba kidogo, na lililo kubwa nililiacha.

Wakati ule tulikaa Mpwapwa na wewe ulikuwa bado hujaingia jandoni. Babu yako alikuja na misafara kutoka pwani, akaoa Mgogo, kwa hiyo mimi nilikua na lugha mbili mdomoni, na hizo ndizo zilizonipa kazi. Bwana mpimaji alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, ndevu zake nyekundu zimejaa vumbi. Kiswahili alikisema, cha kwake mwenyewe lakini kinaeleweka. Kigogo hakuwa nacho hata neno. Alitumwa achore bonde zima la Kinyasungwe, kila kilima na kila kijito, ili wakubwa wake wajue reli ipite wapi. Kila jina lililoingia katika karatasi zile lilipita kwangu. Mwenyeji alisema kwa Kigogo, mimi nikasema kwa Kiswahili, bwana akaandika.

Nilijiona mtu mkubwa. Adhuhuri, wapagazi walipopumzika, bwana alitandaza karatasi juu ya meza yake ya kukunja, nami nilisimama ubavuni kwake nikitazama mkono wake. Kilima tulichokipanda asubuhi kwa jasho kilikuwa pale, kidogo kama ukucha, na ukikitazama unajua upande upi una mteremko mkali. Nilitamani kuchora. Hili hujapata kulisikia kwangu. Nilitamani kuchora mpaka vidole vilikuwa vinawasha. Siku moja nilijikaza nikamwomba anionyeshe namna ya kutazama ndani ya darubini.

"Baadaye," akasema.

Nikangoja. Kila asubuhi aliposimamisha ile miguu mitatu nilijisogeza karibu, ili akikumbuka asinikose.

Ndahani aliajiriwa kutuonyesha maji. Unaujua mto wetu, miezi mingi ni mchanga mtupu, na mgeni anaweza kufa kwa kiu akiwa amesimama katikati yake. Ndahani alikuwa mchungaji, kijana wa rika langu, masikio yametobolewa na kuvutwa kama desturi yao, na alikuja na fimbo yake na kaniki moja. Alitembea mbele yetu, akifika mahali anapiga mchanga kwa kisigino na kusema, "Hapa." Watu walichimba, maji yakatoka. Sikumwonea wivu kwa hilo. Kila mtu na kazi yake.

Kisha siku moja bwana akawa na shaka juu ya kijito kinachoingia mtoni kutoka kusini. Akaniambia nimuulize Ndahani kinaanzia wapi. Nikamuuliza. Ndahani aliokota kijiti, akachutama, akaanza kuchora mchangani. Alichora mto, akachora vilima kama anavyoviona ndege aliye juu, akachora vijito, hata vile ambavyo hatukuwa tumevifikia. Bwana akavua kofia, akapiga magoti palepale mchangani, akaweka karatasi yake kando ya mchoro ule. Vilifanana. Sisi tulikuwa tumevuta minyororo mwezi mzima, na yule mtu alikuwa nalo bonde lote kichwani.

"Muulize nani kamfundisha," bwana akaniambia.

Nikamuuliza.

"Ng'ombe," Ndahani akasema. "Ng'ombe akipotea unapanda kilima, unatazama. Usipotazama vizuri unakwenda kulala bila ng'ombe."

Nilipomtafsiria bwana alicheka, akamshika Ndahani bega. Mimi nilikuwa naye tangu Kilosa, na hakuwahi kunishika bega.

Siku ya tatu yake akamwita Ndahani atazame ndani ya darubini. Mimi ndiye niliyeitwa kumweleza kwa Kigogo afumbe jicho lipi.

Mwanangu, nakueleza jinsi mambo haya yanavyoingia, maana mimi mwenyewe sikuyaona yakiingia. Sikuamka siku moja nikasema namchukia Ndahani. Nilianza kwa kusema maneno yake kwa sauti ya kuchoka. Akisema jambo la maana, nalitafsiri kama mtu anayepiga miayo. Akifanya mzaha, nauacha, bwana asicheke. Bwana akimsifu, nazifupisha sifa. "Mwambie ana jicho ambalo sijaliona kwa watu waliosoma kwetu," bwana aliniagiza siku moja, nami nikamwambia Ndahani, "Anasema umefanya vizuri." Ndahani alinitazama kidogo, akatikisa kichwa. Nilidhani hajaelewa kitu. Na kila nilipompunguzia, sikupata nafuu. Niliona kama bado amebakiwa na kingi mno.

Tulifika mahali ambapo bonde hupanuka. Upande mmoja kuna mto na safu ya mikuyu ukingoni, upande wa pili vilima, na chini ya vilima kuna mawe meupe makubwa. Kati ya mikuyu na mawe ni uwanda, tambarare kama mkeka, na kuuvuka kwa miguu kunatosha mtu kusoma Yasini yote. Bwana aliupenda uwanda ule. Alitembea huku na huko akifikicha udongo kwa vidole.

"Muulize, wakati wa masika maji yanafika wapi."

Nikamuuliza. Ndahani alinyoosha fimbo yake.

"Miaka mingi hayapiti mikuyu ile," akasema. "Lakini iko miaka yanakuja mpaka kwenye mawe meupe. Baba yangu aliyaona mara mbili. Mimi niliyaona mara moja, nikiwa na ndama, tukapanda juu ya mawe tukakaa huko siku mbili."

Nikamgeukia bwana.

"Anasema maji hufika kwenye mikuyu."

"Basi?"

"Basi."

Bwana akachukua penseli yake ya buluu akachora mstari kando ya mikuyu, mstari mzuri, mwembamba, haukutetemeka hata kidogo. Katika daftari lake akaandika jina la Ndahani kuwa ndiye aliyesema.

Umri wote huu nimejiuliza nilitaka nini. Sikutaka mtu afe, Mungu anajua. Sikuwaza hata reli. Niliwaza kwamba bwana, kwa kuwa ana akili, ataona mwenyewe alama za maji kwenye mawe kesho au keshokutwa, naye atasema, kumbe yule mchungaji hajui kila kitu. Nilitaka Ndahani akosee mara moja tu. Kwa kuwa hakuwa anakosea, nilimkosea mimi.

Bwana hakuziona alama. Kesho yake alipata homa, tukambeba kwenye machela mpaka Mpwapwa, na alipopona kazi ikasogea mbele. Masika ya mwaka ule yalikuwa haba, na ya mwaka uliofuata pia. Bwana akarudi kwao, karatasi na daftari lake vikapelekwa ofisini, nami nikaanza kusahau, au nikaanza kujiambia nimesahau.

Reli ikaja. Walipofika pale bondeni walijaza tuta la udongo katikati ya uwanda, kama karatasi ilivyowaelekeza, wakapanga vyuma. Mimi nilikuwa mkalimani wa kambi ya vibarua. Siku hiyo hapakuwa na hata wingu juu yetu. Mvua ilinyesha mbali, huko juu ambako hatukuona. Ilikuwa mchana, watu wanashindilia kokoto, mara tukasikia mlio kama kundi la ng'ombe linalokimbia juu ya ardhi ngumu. Mnyamwezi mmoja, jina lake Kasoga, ambaye alikuwa akiimba ili wenzake wapige sururu kwa pamoja, alinyamaza, akageuza shingo kusikiliza. Halafu maji yakatokea, ya rangi ya matofali, yamebeba miti. Yalipita mikuyu kama haipo. Nilikimbilia kwenye mawe meupe bila kufikiri. Miguu yangu ilijua pa kwenda, maana niliambiwa na Ndahani. Wengine hawakuambiwa. Nilisimama juu ya mawe nikaona tuta linayeyuka na vyuma vinapinda, na watu ndani yake. Wengi walitoka. Wanne tuliwakuta siku iliyofuata, Kasoga mmoja wao.

Ofisa alikuja kutoka bomani kuuliza nani alisema maji hayafiki pale. Daftari lilikuwapo. Ndahani aliitwa, na mkalimani alikuwa mimi.

"Muulize," ofisa akasema, "kama ni yeye aliyesema maji hayapiti mikuyu."

Nikamuuliza kwa Kigogo. Ndahani alinitazama, si kwa hasira, alinitazama tu. Nakiri mbele yako kwamba nilikuwa nimekwisha kuandaa uongo wa pili. Nilijua nitakavyoyageuza maneno yake kama atasema kweli.

"Waambie ndivyo nilivyosema," akajibu.

Nikawaambia. Ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu niliyomtafsiria sawasawa. Akapigwa hamsa ishirini bomani, viboko ishirini na vitano, nami nilikuwa nje ya ukuta. Alitoka kwa miguu yake. Utaona anavyotembea, bega moja limetangulia. Hajatembea wima tena tangu siku ile. Na unajua nilichokiona moyoni nilipomwona akitoka? Nilitegemea huruma, au hofu. Niliona kijicho. Nilisema, hata kwa kupigwa amenishinda mtu huyu.

Ukinidharau hapa, endelea kusoma hivyohivyo.

Tukahamia Dodoma stesheni ilipofunguliwa, nami nikapewa kofia ya kazi na nyumba hii. Baada ya muda nikasikia Ndahani naye amejenga tembe upande wa pili wa reli, na ng'ombe wake wachache. Mji wenyewe mdogo, soko moja, njia moja ya kwenda stesheni. Mara nyingi nilimwona anakuja nikapinda nyuma ya maduka. Mama yako, ambaye hakujua kitu, akawa anakutuma kwake kuchukua maziwa. Ulikuwa unachelewa kurudi. Maziwa yalifika yamepoa na wewe unasema, baba, Ndahani kaniambia hivi, baba, Ndahani kanionyesha vile.

Unakumbuka siku ya majivu. Ulimwaga majivu ya jikoni uwanjani, ukayasawazisha kwa ubao, ukachora. Nilirudi kazini nikalikuta bonde langu limelala nje ya mlango wangu, mto na mikuyu na vilima, kama linavyoonekana na ndege. Mkono ulikuwa wako lakini jicho nililitambua. Nilifuta kwa miguu yote miwili, nikakupiga kwa mkanda. Nikakuambia nimekupiga kwa kuchafua uwanja na wageni wanakuja. Hapakuwa na wageni. Ulikaa mlangoni unangoja kuwaona.

Hukuchora tena mbele yangu. Ulichora shuleni, na kwa Ndahani. Ndiyo sababu nilikuwa mtu wa mwisho mjini kujua kwamba bwana wa upimaji aliyepita hapa aliona mchoro wako ukutani kwa mwalimu, akauliza ni wa nani, akataka upelekwe Dar es Salaam kufundishwa kunakili ramani. Watu walinipongeza sokoni kwa jambo ambalo sikulijua. Nilicheka nikashukuru. Nilipofika nyumbani nikakupa mkono, nikasema maneno yote ambayo baba husema, na mama yako akalia kwa furaha. Usiku ule sikula. Ulidhani ni tumbo. Mbaruku, nilikuwa nakuonea wivu. Wewe ni damu yangu, na nilikutazama unavyokula nikawaza, amepewa alichonyimwa baba yake, na hakuomba hata mara moja.

Nimeandika sentensi hiyo na sijaifuta. Nimeitazama kwa muda. Iache ibaki.

Sasa nikuambie kilichotokea mwezi huu. Mhandisi mpya amekuja kuchagua mahali pa kujenga nyumba za wafanyakazi wa njia, watakaokaa bondeni na wake zao na watoto. Aliniita ofisini nimsomee majina katika karatasi za zamani, maana mwandiko ulikuwa umefifia. Akazitandaza. Nikamsomea. Tukafika kwenye uwanda. Reli walikwisha kuisogeza baada ya mafuriko, wakaipandisha kidogo kwenye tuta jipya, lakini mstari wa buluu ulikuwa palepale kando ya mikuyu, mwembamba, haujafifia kama mengine. Hakuna aliyeufuta. Mhandisi akaweka kidole kati ya mstari na mawe meupe.

"Hapa pazuri," akasema. "Tambarare. Maji hayafiki."

Nikanyamaza. Ndiyo, na siku hiyo pia nilinyamaza. Nikakunja karatasi, nikarudi nyumbani, nikawaza kwamba mvua kama zile haziji kila mwaka, na mimi nitakuwa nimekufa. Ndipo ukaingia unamwambia mama yako kazi utakazoanza nazo. Ukasema wanafunzi hupewa kwanza karatasi za zamani wazinakili kwa wino. Ulisema kwa furaha. Nami nikauona mkono wako unapita juu ya mstari ule, taratibu, kwa uangalifu, unaurudia uongo wangu vizuri kuliko nilivyousema mwenyewe.

Asubuhi yake nilivuka reli nikaenda kwa Ndahani. Sikuwa nimewahi kufika mlangoni kwake, ingawa ni karibu. Alikuwa anakamua ng'ombe. "Mbukwa," nikamwamkia, kama mama yangu alivyonifundisha. Akaitikia bila kugeuka. Nikasimama nikamwambia yote, kwa Kigogo, tangu darubini mpaka siku ya ofisa. Hakuacha kukamua. Nilipomaliza akasema neno moja.

"Najua."

Alilisema kwa Kiswahili. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nilikuwa mpagazi kabla ya kukutana nawe," akaendelea, Kiswahili kimenyooka, cha watu wa misafara. "Nimefika Bagamoyo mara mbili. Nilikusikia uliposema mikuyu, nikakusikia uliposema basi. Na zile sifa za bwana ulizokuwa unazikata, nilizisikia zote. Hakuna aliyeniuliza kama najua Kiswahili."

Nikashika nguzo ya zizi.

"Kwa nini hukusema?"

Alimaliza kukamua kwanza. Akaweka kibuyu kando, akajifuta mikono, ndipo akanigeukia.

"Uwanda ule ulikuwa malisho ya baba yangu. Nilimwona yule bwana anavyofikicha udongo, nikajua wanapataka. Wewe ukasema mikuyu. Nikasema moyoni, vizuri, waweke chuma chao hapo, maji yatakitoa. Niliwaza chuma. Sikuwaza kwamba juu ya chuma kutakuwa na watu."

"Ulipigwa kwa kosa langu," nikamwambia.

"Nilipigwa kwa langu," akasema. "La kwako hujapigwa bado."

Akaniambia kwamba kila kiangazi huenda bondeni kusafisha makaburi ya wale wanne. Mimi sikujua hata kama makaburi yale bado yanaonekana. Nilisimama pale na badala ya kulia nikasikia kile kitu changu cha zamani kinanyanyuka. Miaka yote nilibeba kosa hili nikidhani ni langu peke yangu, kumbe hata hilo alikuwa nalo yeye, na amelibeba vizuri kuliko mimi. Nikamwambia hivyo. Sijui kwa nini nilimwambia. Alinitazama, halafu akacheka, kicheko kifupi, akanipa maziwa ninywe. Nikayanywa. Ni mazuri, mwanangu. Sasa najua kwa nini ulikuwa unachelewa.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mhandisi. Nilimwambia mstari wa buluu ni wa uongo na aliyedanganya ni mkalimani, si mchungaji. Aliniuliza mara tatu, akidhani Kiswahili chake kinamchezea. Mara ya tatu akatoa kalamu akaandika. Nyumba hazitajengwa uwandani. Atakwenda mwenyewe kupima upya mpaka kwenye mawe. Kisha akaniambia niache kofia mezani. Tangu juzi mimi si mkalimani wa stesheni. Mnapoamka mkaniona nimetoka mapema, nakwenda kutembea tu, ili usijue kabla ya wakati. Mama yako anajua. Hajasema nami sana, ila jana alinipikia mlenda kama ninavyoupenda.

Jumatatu nimeitwa bomani. Wewe utakuwa umefika. Ukisikia habari yoyote ya Jumatatu, usipande treni kurudi. Sikukuandikia ili urudi.

Nilifikiri nina mengi ya kukuusia, na sasa naona ni machache. Huko ofisini atakuwapo mtu ambaye mkono wake umetulia kuliko wako. Bwana atamshika bega yeye. Utaumia, maana umetoka kwangu, na mambo haya sidhani yanaishia kwa mtu mmoja. Sikuambii usiumie. Siku utakapoisikia sauti yako imechoka unapolieleza jambo jema la mwenzako, hapo ndipo mimi nilipoanza, na hapo bado ni mapema. Mtu anaweza kurudi. Nenda nje, kunywa maji, rudi ulieleze tena kama lilivyo. Mimi sikuwahi kujaribu. Nasikia kwamba inawezekana.

Na darubini, wakikuruhusu utazame, tazama. Usiniandikie ulichoona, angalau mwaka huu. Mwakani huenda nikaweza kusoma.

Limebaki jambo moja. Ndahani amesema Jumatatu atakuja nami bomani kusema sehemu yake. Nilimkataza. Nilimwambia yake alikwisha kuilipia mgongoni, na hii ni yangu. Nilitaka kweli, mwanangu, hata kwa mara moja, nisimame mahali bila yeye kusimama karibu na kunizidi. Akasema haji kwa ajili yangu, anakuja kwa ajili ya Kasoga na wenzake, na kwamba watu wale hawakuuliwa na mtu mmoja.

Basi tutakwenda wawili, jua likiwa bado dogo. Nilimwambia afadhali aseme kwa Kiswahili, kwa kuwa anakijua. Amekataa. Amesema atasimama mbele ya ofisa na kuyasema yote kwa Kigogo, maji, mawe, ndama, malisho ya baba yake na ukimya wake, na mimi nitasimama ubavuni kwake nitafsiri, neno kwa neno, mpaka aseme mwenyewe kwamba amemaliza.

Baba yako,
Salumu